Kimo cha Marehemu

Mwaka ule tulikula muhogo. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo, jioni ugali ule ule na majani ya maharage. Migomba ya Ntobeye ilikuwa imeshikwa na mnyauko. Ukikata shina linatoa usaha wa njano kama jipu lililoiva. Bwana shamba akasema tuing'oe yote, tuifukie, na panga tulipitishe motoni kila tunapotoka shamba moja kwenda jingine. Tukafanya hivyo, kilima kikabaki kipara. Sasa mtu wa Ngara asipokula ndizi amekula nini? Ameshiba tu, hajala. Ndiyo maana kwetu mwaka huo hautajwi kwa tarakimu. Sema mwaka wa muhogo, hata mtoto atakuelewa.

Mume wangu, mzee wangu, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Waliomzika walikula mikungu ya mwisho ya shamba lake, na mimi nadhani aliwahi makusudi, maana alikuwa mtu wa kuchagua chakula.

Watu walimwita mwalimu, ingawa shuleni hakufundisha hata siku moja. Alifundisha kwaya ya misheni, na alipiga piano. Piano ile ililetwa na mapadre wa zamani sana, ikapandishwa vilima mabegani mwa watu, na wazee wanasema mmoja wao hakunyooka mgongo tena mpaka anakufa. Mzee wangu alijifunza kwa sista mmoja mkali, akiwa kijana, na kati ya nyimbo zote za Wazungu ulimkaa mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni ule ambao hata asiyejua piano anaujua. Hata malori ya kwenda mpakani Rusumo, yakirudi nyuma, mengine yanaupiga. Unaanza kama mtu anayesitasita mlangoni, aingie, asiingie, aingie, asiingie, halafu anaingia.

Kila alasiri akitoka shamba alipita misheni akaupiga. Mimi nikiwa nyumbani, upepo ukiwa wa upande wetu, nilikuwa naupokea mzima. Ukikoma najua nina muda wa kupakua.

Lakini piano ile ilikuwa na mambo yake. Aliwahi kuja fundi wa piano, Mzungu mwembamba, akaifungua tumbo, akaguna. Akasema nyuzi zimezeeka, akizikaza mpaka panapotakiwa zitakatika zimpige usoni. Basi akazilegeza zote kwa usawa, akashuka nazo mpaka pale zilipokubali kutulia, akafunga, akaondoka. Tangu hapo wimbo ule kwetu uliishi chini kuliko unavyoishi duniani kote. Wanakwaya hilo wanaliita kii. Mimi niliyeishia darasa la nne naita kimo. Tena kibao kimoja upande wa kulia kilikuwa kimekufa. Ukikibonyeza unasikia ko, mti mtupu. Mzee hakukiruka hata siku moja. Alikipiga kama vingine, na wimbo ukawa na shimo pale. Mtoto wa Ntobeye akiuimba wimbo ule kwa mdomo akichunga mbuzi, akifika pale anaacha shimo. Ndivyo alivyoukuta.

Mimi nyimbo sikuzikuta kwa mume. Baba yangu alivuka mto Ruvubu akitokea Burundi, mimi nikiwa mgongoni kwa mama, na mzigo aliokataa kumpa mtu mwingine abebe ulikuwa inanga yake. Inanga ni ubao uliochongwa ukaingia ndani kidogo kama sinia, umefungwa nyuzi za kano za ng'ombe, na mpigaji wake haimbi kwa sauti, ananong'ona. Ukiwa nje ya nyumba unadhani mtu anasengenya. Kila mpigaji anazikaza nyuzi zifuate koo lake, na kimo hicho ni chake kama sura yake. Baba alipokufa, kabla hata hajaoshwa, mdogo wake aliichukua inanga akazilegeza nyuzi zote zikalala kama utumbo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia: wimbo ni wa wote, kimo ni cha mwenyewe. Mwenyewe akifa kinalegezwa. Atakayeichukua ataikaza upya, juu zaidi au chini zaidi, lakini si pale pale. Ukipiga pale pale unamwita, na akija hakai kwenye kigoda. Anakaa kwenye mikono inayopiga.

Piano ya misheni haikuwa yetu, na nani angethubutu kumwambia padri alegeze piano? Mchwa ndio walioifanya kazi hiyo. Wiki chache baada ya kumzika mzee, waliila miguu ya nyuma ikapiga magoti, nyuzi zikalia zote kwa pamoja mara moja, na ikawa basi. Nilipoambiwa, nilisema vizuri. Kimo chake kilikuwa kimeondoka duniani kama alivyoondoka mwenyewe, na hapakuwa na chombo chochote kilichobaki kukishika.

Hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka mjukuu wangu akaja likizo na kinanda.

Huyu ni mtoto wa binti yangu aliyeolewa Nemba, kule Biharamulo. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, shingo kama ya korongo, na vidole ambavyo ukivitazama unajua havikuumbiwa kulima. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na pia ni wangu. Masista wa shule yake walikuwa wamemchagua yeye, katika wasichana wote, apige wimbo ule siku ya mahafali mbele ya wazazi. Wakamwazima kinanda cha umeme afanyie mazoezi likizo. Babu yake akipiga hakuwahi kumsikia. Alikuwa anakuja kwetu Krismasi, na Krismasi mzee alikuwa anapiga za kanisani tu.

Akakiweka mezani sebuleni. Mimi nilikuwa mlangoni namenya muhogo.

"Bibi, huu unaujua?"

"Piga nisikie, usiniulize mtihani."

Akapiga. Vidole vilikuwa safi, nakwambia, vinakimbia kama maji ya mvua juu ya bati. Lakini wimbo ulikuwa juu mno. Ulikuwa kama mtu unayemjua amevaa viatu vya kisigino.

"Mbona umepanda huko? Shuka, utaanguka."

Akacheka. "Bibi, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kitabu hakikuolewa na babu yako."

"Haya, ngoja nikushushie." Akabonyeza kitufe kidogo pembeni, akakibonyeza tena na tena. Akanieleza kwamba kinanda kina kitufe cha kupandisha na kushusha. Wapiga vinanda wengi wa makanisani wanajua kii moja tu, nyingine zote wanaachia kitufe. Vidole vinapita palepale, vibao ni vilevile, kitu kinachotoka ndicho kinachobadilika. "Sasa sikiliza."

Akaanza. Aingie, asiingie, aingie, asiingie.

Nilichofanya sikukifikiri. Niliweka kisu chini, nikaenda nyuma ya mlango, nikatoa kigoda cha mzee, nikakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, nikakiweka pale alipokuwa akikaa, mgongo kwa ukuta, uso kwa barabara. Nikachukua kata nikachota maji ya kunawa. Nimesimama na kata mkononi ndipo nikajiona. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwangu na hakuna mtu wa kunawa.

Wimbo ukafika pale penye shimo. Na pakawa na shimo. Hapakuwa na ting wala ko, pakapita ukimya mdogo wa saizi ile ile ninayoijua, halafu ukaendelea.

Nje, kwenye njia ya chini, jirani yangu wa bondeni alikuwa anapita na mbuzi wake. Ni mzee kunishinda, macho yake hafifu lakini masikio mazima. Nikamsikia anapaza sauti, kwa lugha yetu, salamu ya mchana: "Mwiriwe, mwalimu!"

Nikatoka. "Unamsalimu nani?"

"Namsalimu nani tena? Si huyo anapi..." Huyu mzee alibeba jeneza la mwalimu, upande wa kichwa. Nilimwona anakumbuka, uso ulimwondoka kama kivuli cha wingu kinavyoondoka kilimani. Kamba ikamtoka mkononi, mbuzi akaenda zake, na yeye akamfuata mbuzi bila kuniaga. Tangu siku hiyo alipitia njia ya juu, ambayo ina mawe na kwa umri wake si ya kupita.

Nikarudi ndani. "Mbona umeacha pale?"

"Pale wapi, Bibi?"

"Upande wa kulia. Umeacha shimo."

"Sijaacha kitu. Nimekipiga." Akakibonyeza kibao kile peke yake: ting. Akakibonyeza tena: ting. Akaniangalia kama unavyomwangalia bibi anayeanza kuzeeka. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia aache pale pale. Nitamjibu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima mlango wangu haujasukumwa na bega la mwanamume. Kila alasiri mwili ulikuwa unangoja wimbo ukome ndipo upakue, na haukuwa unakoma kwa kuwa haukuwa unaanza, kwa hiyo nilikuwa napakua ovyo, mapema au chakula kimeshapoa. Alasiri iliyofuata yule mtoto akaniuliza, "Nikupigie ule wa chini?" nikasema piga. Na iliyofuata. Kigoda nikawa nakitoa mapema, kwa akili zangu timamu. Nikawa nakaa kando ya kigoda namenya muhogo, na nikawa sigeuki kukitazama. Nilikuwa nahisi joto upande ule, kama unavyohisi joto la ng'ombe aliye upande wa pili wa ukuta.

Halafu nikaanza kumtazama mtoto.

Kwanza ilikuwa mikono. Kabla ya kupiga alianza kuifuta kwenye goti la kulia, kidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo mpaka gumba. Mzee wangu alifanya hivyo maisha yake yote. Alikuwa anafika kwenye piano akitoka shamba, vidole vimejaa utomvu wa migomba, na padri hakutaka vibao vinate. Suruali zake zote zilikuwa na doa jeusi kwenye goti la kulia. Mimi ndiye niliyezifua, mimi ndiye ninayejua kwamba doa la utomvu halitoki. Unaweza kusugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, nguo itachanika na doa libaki.

Nikajiambia: watoto wanarithi mambo. Mbwa anarithi kukuna sikio.

Jumamosi nikafua nguo zake. Nikaikunjua sketi ya bluu aliyokuwa akiivaa kila siku akipiga. Kwenye goti la kulia palikuwa na doa jeusi, la saizi ya kiganja.

Nikalisugua kwa sabuni, nikalisugua kwa majivu. Nikaenda kwa jirani kuomba ndimu. Halikutoka. Nikainusa ile nguo na nikakaa chini pale pale penye maji. Kilima kizima hakikuwa na mgomba mmoja uliosimama. Mwaka ule hapakuwa na mtu Ntobeye aliyekuwa na utomvu mkononi.

Nikampigia mama yake simu. "Ile sketi ya bluu, ilikuja huku na doa?"

"Mama, hata salamu?"

"Shikamoo yako nimeipokea. Ilikuwa na doa?"

"Ilikuwa mpya. Nimemnunulia wiki ile aliyokuja huko. Doa la nini?"

"La utomvu wa mgomba."

Akacheka. "Mama, huku kwetu Nemba migomba iliisha kabla ya kwenu. Tunaota ndizi usingizini. Labda ni oili ya pikipiki."

"Nimefua madoa ya baba yako miaka yote, leo unanifundisha oili?"

Akasema, "Mpe mtoto simu." Nikampa. Sikujua wanasema nini, ila mtoto alijibu "ndiyo" na "hapana", na alikuwa amesimama bega la kushoto limeshuka, kama mtu aliyebeba mkungu miaka mingi upande mmoja.

Alasiri ile nikamwambia, "Leo piga wa juu. Wa kitabu. Mahafali yanakaribia."

Akabonyeza kitufe kikarudi mahali pake. Akaweka vidole. Akapiga kidogo akakosea. Akaanza tena, akakosea pale pale. Mtoto ambaye vidole vyake vilikuwa maji juu ya bati alikuwa anapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Akajaribu mpaka machozi yakamtoka.

"Siwezi, Bibi. Juu siwezi tena. Vidole vinapotea."

"Si ulisema vibao ni vile vile?"

"Ni vile vile! Ni kitufe tu! Tazama." Akashusha. Vidole vikakimbia bila kosa, na shimo mahali pake. Akapandisha. Vikafa. Akaitazama mikono yake kama ameiazima na mwenyewe amekuja kuidai.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si mzee wangu niliyemwogopa; nimemjua, nimemlisha, nimemwosha alipokuwa hawezi kujiosha. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akipenda mahali haondoki. Niliogopa kwa sababu nilikuwa na mjukuu mmoja mwenye mikono ile, na mikono ile ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyekuwa natoa kigoda.

Nikakirudisha kigoda nyuma ya mlango. Nikakaa kando ya mtoto, jambo ambalo sijawahi kulifanya, mimi nisiyejua kibao cheupe wala cheusi.

"Hicho kitufe kinapanda kidogo kidogo au kinaruka?"

"Kidogo kidogo."

"Basi hatutaruka. Panda kidogo. Punje."

Akapanda punje. Akapiga. Alikosea, lakini si sana. Tukakaa hapo alasiri nzima. Kesho yake tukapanda punje nyingine. Ni kama kumtoa mbuzi kwenye shamba la mtu: ukimvuta kwa nguvu anakaza shingo, ukimtembeza huku anakula anajikuta yuko nje. Kila tulipopanda, joto lile la upande wangu lilipungua. Siku moja nikageuka kabisa kutazama nyuma ya mlango, na niliona kigoda tu. Nililia. Mtoto akadhani nalia kwa sababu amekosea. Nikamwambia, "Piga, mama, usinitazame."

Tulipofika pale kwenye kimo cha kitabu, wimbo ukapita mzima, na pale penye shimo pakalia ting. Mtoto akaruka kutoka kwenye kiti akanikumbatia. Bega lilikuwa limenyooka. Doa la sketi halikutoka, nikaikata ile sketi nikafanya vitambaa, halafu hata vitambaa nikavichoma.

Mwisho wa likizo ile ndipo tulipofanya kuganduka. Kwetu mtu akifa msiba unaondolewa mara mbili. Ule mdogo unaondoka mapema watu warudi shambani. Ule mkubwa unaondoka mwaka ukishapita, ukoo unakusanyika, wanakunywa pombe, mjane ananyolewa, na marehemu anaachwa aende. Hiyo ya mwisho ndiyo kuganduka. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilibidi tuitafute Kibimba, ambako migomba kidogo ilikuwa imesalia, maana huwezi kumwondoa mtu wa Ngara kwa pombe ya mtama akakuelewa.

Watu walijaa uwanjani tangu asubuhi. Binti yangu alikuja na mumewe. Mdogo wa mzee wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikaa mbele. Huyu ni mtu wa maneno mengi na meno machache. Jirani wa bondeni naye alikuja, akakaa mbali na mlango. Baada ya kunyolewa mimi, na watu wakiwa wameshalowesha koo, kinanda kikatolewa nje na mtoto akapiga wimbo wa babu yake, juu, kama kitabu kinavyosema, mzima, bila shimo. Nilikuwa na kichwa kipya kinachong'aa na nilijisikia kama malkia. Watu walipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, hao masista hawajui wana nini mkononi.

Shemeji yangu akasimama, kikombe mkononi.

"Shemeji," akasema, "mtoto anajua. Hilo hatubishani. Lakini tuliyemsikia ni mtoto. Sisi leo tunamtaka ndugu yetu. Huo wimbo hakuupiga huko mawinguni. Aushushe."

"Aushushe!" watu wakasema. "Tumuage!"

"Mtu anayeagwa haitwi kwanza," nikasema.

"Kumbe unamwogopa mumeo?"

"Sikumwogopa akiwa na meno, sembuse sasa."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi ni uchoyo. Jirani yako ametusimulia. Umekaa humu likizo nzima unamsikiliza peke yako, umeshiba, sasa sisi ndugu zake wa damu unatufungia sufuria. Tumekula muhogo mwaka mzima, shemeji, hata hili unatunyima?"

Hilo lilinichoma, maana nusu yake ilikuwa kweli. Nikamtazama binti yangu anisaidie. Alikuwa analia.

"Mama," akasema, "mimi sikuwepo. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa. Sijamsikia tangu niolewe. Mara moja tu, jamani. Sketi ni sketi, mama."

Nikaona watu wote wale, wapole, waliompenda, kila mmoja na kiu yake, na mimi mwenye kiu kuliko wote. Mtoto alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili anangoja niseme. Nikasimama.

"Kwa kimo chake haupigwi," nikawaambia. "Ni mimi mkewe ninayekataa."

Mjane siku ya kuganduka habishiwi, ndiyo desturi, na shemeji anaijua. Akamwaga chini rubisi iliyobaki kikombeni, kwa hasira au kwa heshima sijui, akakaa. Watu wakarudi kwenye mitungi. Binti yangu hakunisemesha tena siku ile.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima vya upande wa Burundi watu walipoanza kutawanyika. Nilikuwa nakusanya vikombe. Mtoto alikuwa amebaki na kinanda uwanjani, amekaa ameniwekea mgongo, kidole kimoja pembeni, pale kwenye kitufe.

"Mwenye nyumba," akasema. "Mara moja tu."

Hakugeuka. Sauti ilikuwa ya kwake, nyembamba, ya msichana wa kidato cha pili. Lakini mjukuu wangu ananiita Bibi. Aliyekuwa akiniita mwenye nyumba ni mmoja, tena kwa utani, tena tukiwa wawili tu ndani, na hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyewahi kusikia.

Vikombe vilikuwa vimenijaa mikononi. Jibu nililotaka kulitoa nalijua mpaka leo, ni neno fupi, lile lile nililompa mtoto alasiri zile, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaweka vikombe chini kimoja baada ya kingine, nikaenda nikamshika mtoto mkono, ulikuwa na joto, nikautoa pale kwenye kitufe.

"Kwa kimo chake haupigwi," nikasema. "Ni mimi mkewe ninayekataa."